Taipureta ya Ujiji: usikubali imwagiwe oili

SWALI

Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma. Mvua zikianza napenda kukaa barazani jioni na chai na karanga za kuchemsha, lakini umeme ukikatika na simu ikizima nabaki kutazama matone. Nimetamani muda mrefu kuwa na taipureta, niwaandikie barua wenzangu niliosoma nao Tabora, na nimwandikie mama lebo za chupa zake za mawese. Sasa nimeona moja Mwanga, hapahapa mjini kwetu, kwa muuza vitu vya zamani. Ni Olivetti Lettera 32, bluu inayoelekea kijani, na mkoba wake upo. Safu ya juu ya herufi inaanza na A na Z, siyo Q na W. Herufi kadhaa ukizipiga hazirudi, na ile sehemu inayobeba karatasi imeganda. Anataka shilingi 150,000, anasema imetoka Bujumbura. Fundi baiskeli wa jirani yake ameniambia ni kuimwagia oili tu, itafunguka. Je, ninunue? Na nikinunua naitunzaje?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na mwangaluka kutoka Tabora. Huku mvua ya kwanza imeshapiga, kumbikumbi wameshatoka na watoto wanawakimbiza chini ya taa, kwa hiyo hamu yako naielewa.

Nianze na huyo fundi baiskeli, maana asipozuiwa mapema tutakuwa tunajadili chuma chakavu. Oili ni ya mnyororo wa baiskeli. Ndani ya taipureta kila herufi imekaa kwenye ncha ya mkono mwembamba wa chuma, na mikono yote imepangwa kwenye tao lenye mianya finyu, kila mmoja na mwanya wake. Mkono unaruka ukigongwa, unarudi kwa uzito wake na msaada wa springi nyepesi mno. Ukimwaga oili pale, mashine itafunguka siku hiyohiyo, utamshukuru fundi na kumlipa. Baadaye oili inakamata vumbi, nyuzi za utepe wa wino na unga wa kifutio, na vyote vinageuka ulimbo. Herufi moja inaanza kuchelewa kurudi, kisha tatu, kisha nusu ya kibodi. Mtu anaongeza oili nyingine. Mashine nyingi nilizoletewa na kuambiwa zimekufa kwa uzee hazikuwa na uzee wowote. Ziliuawa na mafuta, au zilikaa bure kabatini hadi mafuta ya zamani yakakauka humohumo. Zinazopigwa kila siku na kufutwa vumbi hazina makuu.

Kwa hiyo herufi zako zisizorudi hazinitishi. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na dawa yake inauzwa duka la dawa. Nitaifikia.

Mashine uliyoiona ni ya ukoo mzuri. Olivetti ni ya Italia, ilianzishwa na Camillo Olivetti mjini Ivrea mwaka 1908. Lettera 22 ilitoka mwaka 1950, mchoraji wake Marcello Nizzoli, na Lettera 32 ikafuata mwaka 1963 ikiwa na umbo lilelile la kulala chini, jepesi, la kubebeka. Taipureta ya ofisini ina kilo 15 na kupanda, unaibeba na kuita mtu. Hii unaining'iniza mkononi hadi barazani. Yuko mwandishi mmoja wa riwaya wa Marekani aliyetumia Lettera 32 moja kwa karibu nusu karne, na kwa maelezo yake mwenyewe matunzo yote aliyoipa ni kuipuliza vumbi kwa mpira wa upepo wa kituo cha mafuta. Mwaka 2009 iliuzwa mnadani kwa dola 254,500. Muuzaji wako asilisikie hili kabla hujalipa.

Sasa hiyo sehemu inayobeba karatasi, ambayo nitaiita kigari. Umesema imeganda. Hapo uchunguze kwa makini, kwa sababu kigari kilichoganda na kigari kilicholegea ni magonjwa mawili tofauti, na bei zake ni tofauti.

Kikiwa kimeganda kabisa, jambo la kwanza kulifikiria ni kufuli. Taipureta za kubeba nyingi zina kitenzo kidogo cha kukizuia kigari kisitembee safarini, na wauzaji wengi hawakijui. Mwenye mashine aliifunga kwa ajili ya safari ya kutoka Bujumbura, akamuuzia mwenzake, na tangu hapo kila anayeigusa anaamini ni mbovu. Tafuta kitu chochote kinachosogea karibu na ncha za kigari au pembeni mwake, ukisukume taratibu huku na huku. Usitumie nguvu. Jambo la pili: kigari kinaweza kuwa kimefika mwisho wa pambizo. Kuna kitufe cha kuachia pambizo, kibonyeze. La tatu: kwenye ncha za kigari kuna kibano cha kukiachia kitembee bure. Kibonyeze huku unakisukuma kwa mkono mwingine. Kikikubali kwenda na kurudi, umeshaokoa nusu ya pesa yako palepale dukani. Mimi ningefanya hivyo muuzaji akiwa anahudumia mtu mwingine.

Lakini kama kinateleza huku na huku bila upinzani wowote, na ukipiga herufi hakisogei hata hatua moja, basi kamba yake imekatika au imechomoka. Kigari kinavutwa na kamba iliyozungushwa kwenye pipa dogo lenye springi ndani, mara nyingi upande wa kushoto kwa nyuma. Hilo si janga kwa mtu wa Kigoma. Mko mahali ambapo uzi imara ni kazi ya kila siku: nenda kwa wanaoshona nyavu, omba kipande cha uzi wa kusuka, mwembamba, usiovutika. Uzi wa plastiki wa mshipi, ule mmoja unaong'aa, haufai, unarefuka kidogokidogo na kigari kinazembea. Unafunga ncha moja kwenye pipa, unalizungusha pipa ili springi ikaze kiasi, unaishika imara, unanasa ncha ya pili kwenye kigari. Kuishika imara nimekusudia. Springi ile ikikuponyoka inazunguka kwa kasi na inaweza kukukata kidole. Kama huna mtu wa kukushikia tochi na pipa, subiri umpate.

Nenda dukani na vitu vinne: karatasi mbili nyeupe, kipande cha karatasi ya kaboni, kitambaa, na simu yenye tochi. Kaboni ni kwa sababu utepe wa mashine ya zamani huwa umekauka, na muuzaji atakuambia "ikipata wino itaandika", ukamwamini au usimwamini. Hakuna haja ya imani. Weka karatasi, juu yake kaboni, uso wa wino ukitazama karatasi, viingize pamoja, na upige. Kila herufi itajiandika hata bila utepe. Usihangaike na sentensi. Piga herufi moja moja, a mpaka z, ndogo kisha kubwa, halafu tarakimu. Tazama kama herufi kubwa na ndogo zimekaa mstari mmoja. Herufi kubwa zikipanda juu au kuzama, kuna marekebisho ya kufanya, siyo makubwa, ila ni kazi ya mwenye uzoefu. Kisha piga kitufe cha nafasi tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Kigari kiende hatua moja kwa kila pigo, kisiruke, na kengele ilie kabla ya mwisho wa mstari. Kengele isiyolia siyo sababu ya kukataa mashine, lakini utaikosa. Nusu ya utamu wa taipureta ni ile kengele.

Mwanga wa tochi uelekeze tumboni, kwenye lile tao. Kutu ya juujuu, ya unga wa kahawia, inafutika. Kutu iliyochimba chuma kwenye mianya ya tao haifutiki, na hapo unaaga kwa heshima. Angalia pia mikono iliyopinda: mkono wenye ulimbo unarudi polepole, uliopinda unagonga jirani yake au unaandika pembeni. Wa kwanza unatibika kwa dakika chache, wa pili unahitaji koleo na subira, na ukikatika hauna spea.

Ukiwa hapo, soma historia ya mashine, utafurahi. Taipureta iliyoandika Kiswahili miaka mingi utaitambua kwa herufi a: kitufe chake kimeng'aa kwa kuguswa, tumbo lake limejaa wino, huku q na x zikiwa kama zimetoka kiwandani jana. Iliyotoka ofisi ya Kifaransa au Kiingereza huchakaa e. Kama kweli yako imetoka Bujumbura, e itakuambia.

Hapo tunafika kwenye A na Z. Muuzaji hakukudanganya kuhusu asili yake, kwa sababu Burundi na Kongo wanatumia mpangilio wa Kifaransa, na mashine nyingi zilizovuka ziwa au mpaka kuja Kigoma ni za namna hiyo. Herufi zilizohama ni tano tu. A imechukua nafasi ya Q, Z ya W, na M imetoka safu ya chini ikaenda kulia kwa L. Tano zinaonekana chache hadi ukumbuke unaandika lugha gani. A, W na M ndizo nyama ya Kiswahili. Andika "mwanafunzi wangu amekwama" na uhesabu mara ngapi vidole vyako vitaenda mahali pasipo. Pamoja na hayo, tarakimu zinapatikana kwa kubonyeza kitufe cha herufi kubwa, na nukta vilevile, kwa hiyo kila mwisho wa sentensi unatumia vidole viwili. Faida ni moja: kile kikwapua cha ng'ombe na ng'ambo kiko kwenye kitufe cha 4, wala hakihitaji kubonyeza kingine.

Je, ukatae kwa sababu hiyo? Kama ungekuwa mpiga chapa wa mahakamani ningekuambia kataa. Wewe unaandika barua barazani, mvua inanyesha, haraka ya nini? Mtu mwenye mazoea ya simu atababaika mwanzoni na mikono itazoea. Tatizo ni ukitumia kompyuta shuleni mchana na mashine hii jioni, utaandika "qsubuhi" kwenye ripoti ya mwalimu mkuu. Uamuzi ni wako. Kuhamisha herufi zenyewe kutoka mkono mmoja hadi mwingine nisingekushauri, zimechomelewa, na atakayekuambia ni kazi rahisi hajawahi kuifanya.

Kwenye bei, A na Z ndiyo silaha yako. Mnunuzi wa Kigoma anayetaka mpangilio huo si rahisi kumpata, na muuzaji anajua. Shilingi 150,000 ni bei ya kuombea mashine inayoandika. Kwa iliyoganda, yenye kibodi cha Kifaransa, mimi nisingevuka nusu yake, na mkoba ukiwa na zipu nzima ningeongeza kidogo kwa ajili ya mkoba. Zipu ikiwa mbovu, fundi viatu atakubadilishia.

Usipokubaliana naye, usisononeke. Taipureta bado ziko, tatizo ni kwamba ziko mahali ambapo hakuna anayezitangaza. Uliza ofisi za parokia na misheni, uliza vyama vya msingi vya tumbaku huku kwetu, uliza watoto wa makarani wastaafu wa reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na palipo na stesheni palikuwa na mizigo ya kuorodhesha, na palipo na orodha palikuwa na mashine. Tabora hasa ilijaa. Hapa kuna Chuo cha Uhazili, ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichofundisha vizazi vya makatibu mahsusi, watu wa hatimkato ya maneno 100 kwa dakika kama matangazo ya kazi yalivyodai. Kipalapala palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha misheni. Wenzako uliosoma nao huku wakizunguka kidogo wanaweza kukupatia mashine yenye Q na W. Ukikuta Olympia ya Ujerumani, hasa zile SM za kubeba, usifikiri mara mbili. Kwa kuandika tu, bila kujali sura, naipenda kuliko Lettera. Imperial za Leicester, Uingereza, zile kubwa za ofisini, ni imara kupindukia ila uwe na meza ya mninga. Za plastiki za miaka ya mwisho na zile za umeme ziache.

Pitia pia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wao hupima kwa kilo. Na popote utakaponunua, ukiona namba ya mali ya ofisi imepigwa kwa rangi ubavuni, omba karatasi ya mnada au stakabadhi. Mwalimu akikutwa na mali ya halmashauri sebuleni ana maelezo mengi ya kutoa.

Haya, tuseme umeinunua. Siku ya kwanza usiandike. Iweke barazani juu ya gazeti, toa kifuniko cha juu, chukua brashi ya rangi laini iliyo kavu na ufagie kuanzia juu kwenda chini, ukiinamisha mashine ili uchafu utoke badala ya kuzama. Utakuta unga wa kifutio, mabawa ya mende, pini, pengine kiota cha udongo cha nyigu, wale wanaojenga popote penye tundu. Kiota kivunje kikiwa kikavu na utoe vipande kwa kibanio, usikiloweshe. Fundi pancha mwenye kompresa anaweza kukupulizia, ila mwambie atoe kwanza upepo hewani kidogo, kwa sababu tangi lake huwa na maji.

Kisha dawa niliyokuahidi, nayo ni spiriti. Kuna spiriti za kusafishia vidonda zilizotiwa mafuta ili zisikaushe ngozi, na hizo zitakurudisha kulekule kwa fundi baiskeli. Pima hivi: dondosha tone kwenye kioo, liache likauke. Likiacha utando, usiitumie kwenye mashine. Likitoweka kabisa, ndiyo yenyewe. Chovya mswaki wa zamani, sugua mianya ya tao, na huku unasugua piga zile herufi zinazong'ang'ania, tena na tena, ili spiriti iingie na ulimbo utoke. Futa kwa kitambaa kinachotoka chini. Rudia kesho. Mara nyingi siku ya pili herufi zinaruka zenyewe na utacheka peke yako. Spiriti isiguse rangi ya mwili wa mashine wala vitufe, inaweza kuibabua, kwa hiyo tandika kitambaa pembeni. Na fanya kazi hii mbali na jiko la mkaa na koroboi. Petroli usiiguse kabisa. Mafuta ya taa yanafungua, ndiyo, lakini yanaacha unyevu wa mafuta, na tina ya rangi inakula rangi na plastiki.

Herufi zenyewe, zile nyuso zinazogonga karatasi, zisugue kwa mswaki huohuo, na matumbo ya a, e, o, b na d uyatoe uchafu kwa ncha ya kijiti cha meno. Sindano inafanya kazi haraka zaidi ila mkono ukiteleza unachora chuma.

Mafuta kidogo yanaruhusiwa mahali pamoja: reli ambayo kigari kinatembelea. Chukua mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa, pitisha kwenye reli, kisha upitishe kitambaa kikavu kana kwamba unajuta kuyatia. Tao halipati kitu, likae kavu.

Rola nyeusi ya mpira ibonyeze kwa ukucha. Ikiwa bado inabonyea, una bahati. Kwa umri wa mashine hizi nyingi zimekuwa ngumu, na rola ngumu inapiga kelele, inatoboa karatasi kwenye nukta na o. Wapo wanaoivalisha mpira wa ndani wa baiskeli. Unene ukizidi kidogo tu karatasi inakwenda upogo, kwa hiyo sikusukumi huko. Weka karatasi mbili badala ya moja, ya nyuma iwe ya akiba unayoitumia kila siku, na chini ya mashine kunja kipande cha blanketi. Mama naye atalala.

Utepe ulio wa kawaida una upana wa milimita 13, na mashine nyingi zinaukubali. Kinachotofautiana ni spuli unaozungushiwa. Kwa hiyo spuli za zamani usizitupe hata kama zina kutu. Ukipata utepe mpya kwenye duka la vifaa vya ofisi, au ukiagiza Dar es Salaam, ukaja na spuli zisizoingia, uhamishie kwa mkono kwenye zako, jioni moja ya kuchafua vidole. Angalia kama utepe wa zamani ulikuwa na kitundu cha chuma karibu na ncha zake. Katika baadhi ya mashine hicho ndicho kinachoigeuza irudi upande wa pili, na utepe usio nacho utafika mwisho na kukwama. Wakati unasubiri, utepe uliokauka lakini haujatoboka unaweza kuufufua kwa wino wa pedi ya mhuri, matone machache, kisha uuzungushe na kuuacha usiku kucha uenee. Ukizidisha, barua yako ya kwanza itakuwa na madoa ya kutosha kuonekana imetoka polisi.

Kuhusu kuhifadhi, adui yangu mimi wa Tabora ni vumbi la kiangazi. Adui yako ni unyevu wa ziwa. Kuna watu wanafunga mashine kwenye mfuko wa nailoni wakidhani wanailinda, kumbe wanaufungia unyevu humo. Ifunike kwa khanga ukimaliza kuitumia. Ukiirudisha mkobani, hakikisha haina unyevu, tia vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na zipu usiibane hadi mwisho. Mkoba usikae sakafuni wala kugusa ukuta unaovuja. Baraza ni pazuri kwa kuandikia, siyo kwa kulaza. Na chai yako isikae upande wa kulia, kwa sababu kigari kinaporudi kinatoka nje upande huo na kusafisha kila kilicho karibu na ubavu wa mashine. Ukitaka usalama kabisa, iweke kwenye stuli ya pembeni.

Kuandika kwenyewe utajifunza peke yako, ila simu imekuharibu jambo moja: umezoea kubonyeza. Hapa unagonga na kuachia. Ukibonyeza polepole herufi itakuwa na kivuli au haitafika. Ukigonga mbili kwa pamoja mikono itashikana karibu na karatasi. Itenganishe kwa kidole kwa upole, usiendelee kupiga ukitegemea itaachana yenyewe, maana hivyo ndivyo inavyopinda. Ukikosea, rudi nyuma na upige x juu yake. Kiswahili hakina kazi nyingine na hiyo herufi. Kama mashine haina alama ya mshangao, piga kikwapua, rudi hatua moja, piga nukta chini yake.

Mkishindwana nayo na ukaamua kuituma Tabora, njia ya treni ni kilomita 400 hivi, na mtikisiko wake unaujua. Weka kigari katikati, kifunge, jaza nguo laini pembeni, na mchukuzi aipakate. Asiitie chini ya magunia. Na yeyote anayeinyanyua ashike chini ya mwili, asishike kigari.

Limebaki la mama na mawese yake. Usipitishe kwenye mashine karatasi za lebo zenye gundi. Zinaweza kubanduka zikijikunja kwenye rola, na gundi ikishaingia humo utaitafuta mwaka mzima. Na hata ukiandika kwenye karatasi ya kawaida ukaibandika, mawese yanapita, wino unaenea, na jina la mama linageuka doa la machungwa. Chukua karatasi ngumu kidogo, kama ya jalada la faili jepesi, andika lebo kadhaa kwenye ukurasa mmoja ukiacha nafasi, kata, toboa kona, ufunge kwa uzi shingoni mwa chupa. Mwambie mama afunge lebo akiwa amenawa mikono, na ajaze chupa kwanza.